Swichi ya Kiti cha Zaina

Sogea karibu, wewe unayejifunza ufundi umeme, nikueleze habari za kifaa kidogo kuliko kiberiti kinachoweza kusimamisha mashine nzito. Nilikutana nacho siku yangu ya kwanza kazini, kwenye ghala la mkonge kule Mazinde. Fundi Mkuu aliniwekea kiganjani swichi yenye kitufe juu na miguu mitatu ya shaba chini.

"Bonyeza, kisha unyamaze."

Nikabonyeza. Ikalia tik.

"Ndani kuna kipande chembamba cha bati kinachoruka na kuunga umeme," alisema. "Foklifti, ile mashine ya betri ya kunyanyulia mizigo, ina swichi kama hizi kwenye breki, kwenye leva na chini ya kiti. Dereva akiinuka, ya kiti inakata umeme. Mashine haiondoki bila mtu."

Mazinde nilimjua adui wa swichi hizo: vumbi la katani. Linapenya kila upenyo, mpaka bati na shaba vinashindwa kugusana. Swichi ya namna hiyo haitengenezwi, inabadilishwa.

Baadaye nilihamishiwa Korogwe, kwenye ghala kubwa zaidi. Huko nilimkuta Zaina, dada mwembamba kutoka Sindeni, akiwa kwenye majaribio ya udereva wa foklifti. Mashine ilikuwa inamzimikia yeye tu. Mkuu wa Ghala alikuwa amekwisha kutoa kauli: ikizima tena mpaka Ijumaa, Zaina anarudi kupanga marobota ya katani kwa mkono.

"Shikamoo, fundi. Mashine hii ina kinyongo na mimi."

"Marahaba. Inazima ukifanya nini?"

"Nikinyanyua robota juu, nikichungulia mbele."

Wapakiaji wakacheka. "Dada, kula bada ushibe! Mashine inataka uzito!"

Ule utani wa bada, ugali wa muhogo, ulinifikirisha. Nikamwomba mpakiaji mmoja mnene akae, achungulie vilevile. Haikuzima. Nikamwambia Zaina aegemee nyuma kabisa. Haikuzima. Akasogea ukingoni mwa kiti ili aone mbele, ikazima.

Nikafungua kiti. Chini yake kulikuwa na swichi mpya, iliyofungwa kabla sijafika. Ile ya zamani, iliyojaa vumbi, bado ilikuwa kwenye kopo la spea. Umbo lilikuwa moja, matundu ya skrubu yalilingana, hata miguu. Nikazibonyeza zote mbili kwa kidole gumba. Ya zamani ilizama kwa urahisi, mpya ilinibishia. Springi yake ilikuwa ngumu zaidi.

Mkuu wa Ghala akainama kutazama. "Lakini tuliipima kwa rula, fundi!"

"Vipimo viko sawa, mkuu. Ugumu ndio hatukuupima."

"Basi unga waya moja kwa moja, uiruke hiyo swichi. Tuna lori linasubiri."

Zaina alijibu kabla yangu. "Samahani, mkuu. Nikishuka, nikagusa leva kwa bahati mbaya, itaondoka na robota juu. Hapo chini wanapita watu."

Mkuu akawatazama wapakiaji. Kisha akasema, "Tafuta swichi nyingine."

Nikaifuta ile ya zamani, nikasoma maandishi yote ya ubavuni, maana hapo huwa kuna alama ya ugumu wa kitufe, nikampigia muuza spea. Nyingine yenye alama ileile ikaja na basi Alhamisi, nikaifunga.

Ijumaa Zaina alikaa ukingoni, akachungulia, akapandisha robota safu ya juu kabisa. Mashine haikuzima. Mkuu wa Ghala akamwambia karani amwandike kwenye zamu ya madereva.

"Dada, kumbe umekula bada!" mpakiaji mmoja akapiga kelele.

"Nimelala na njaa. Sogea huko nipite."

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Handeni. Vijana hunipigia simu kuuliza kuhusu spea, nami hufurahi, maana bado kuna mengi nisiyoyajua kuhusu vifaa hivi vidogo, na maswali yao hunifanya nifikiri upya. Wengi huniambia wameshajaribu mashine na inafanya kazi. Mimi huuliza: ameijaribu nani?

Kwa hiyo ukibadilisha swichi ya kiti, usikae wewe. Mwite dereva mwepesi kuliko wote, akae ukingoni, aendeshe taratibu, asimame, kisha ainuke. Akikaa isizime, akiinuka izime. Hapo ndipo ufunge kiti.