Mabaka ya Bibi Lempi

Saa nane mchana, Jumatano, mwanamke asiyejulikana anaingia jikoni kwa Bibi Lempi Hakkarainen bila kuvua viatu. Tuulikki Sorsa, mhudumu wa wazee majumbani, anaangalia viatu kwanza, uso baadaye.

“Nimetoka ofisi ya huduma za wazee,” anasema mgeni. Anaudaka mkono wa kushoto wa bibi, anaugeuzia dirishani, anaupiga picha.

“Taratibu, binti,” anasema Bibi Lempi. “Mimi si samaki wa sokoni.”

Ana miaka themanini na tisa. Mikono yake imejaa mabaka ya zambarau. Ya zamani yamegeuka manjano. Daktari alishaeleza: ngozi ya uzeeni ni nyembamba, na vidonge vyake vya kuzuia damu kuganda hufanya damu ivilie chini ya ngozi hata akigusa kona ya meza.

Lakini mhudumu wa zamu ya Jumatatu aliripoti kwamba bibi anapigwa.

“Mimi mwenyewe hawakuniuliza,” anasema Bibi Lempi. “Wameuliza mikono.”

Tuulikki, mwenye miaka hamsini na mitatu, huhudumia wazee kumi na wanne kwa siku, dakika ishirini kila mmoja. Hata kwa haraka hiyo hamshiki mzee mkono. Humnyooshea wake, mzee ndiye anayeshika. Na kila baka huliandika kwenye daftari la nyumba: tarehe, mahali, sababu.

“Miaka miwili naandika,” anasema kwa hasira. “Daftari liko hapo juu ya friji. Yule mama hakulifungua.”

Alhamisi barua inamfikia Tuulikki: anashukiwa kumpiga bibi, asikanyage kwake hadi uchunguzi uishe, la sivyo kazi hana. Lakini alishamwahidi bibi sauna ya Jumamosi, kuoga kwenye chumba cha mvuke.

“Natamani wasome kwanza, ndipo wahukumu,” anasema.

Jumamosi asubuhi anapiga simu ofisini na kuwaambia anakokwenda. Kisha anawasha sauna, moto mdogo, kama daktari alivyoruhusu.

“Watakufukuza, mwanangu,” anasema Bibi Lempi akivuliwa sweta.

“Basi tuoge kabla hawajafika.”

Kwenye mkono wa kushoto kuna mabaka manne mapya, yamepangana kama vidole.  Tuulikki analeta daftari, anaandika: Jumatano, saa nane mchana, mgeni kutoka ofisini.

Halafu ananyoosha mkono wake, na Bibi Lempi anaushika.