Simu Mbili Zinazosubiri Shikamoo

Juzi pale Nangurukuru nilikaa jirani na dada na mdogo wake wa kiume, watu wazima wote, wakisubiri basi la Lindi. Dada ndiye alikuwa anaondoka, na simuni mwake mlikuwa na sauti ya marehemu mama yao. Mdogo mtu alitaka arushiwe kabla basi halijafika. Bando hawakuwa nalo, lakini kurushiana simu kwa simu hakuhitaji bando.

Simu hazikuonana. Walizisogeza mpaka zikagusana. Wakazima, wakawasha. Yule bwana akavua kava, akaipangusa simu yake kwenye shati kana kwamba imeingia vumbi masikioni.

"Kwako imeandikaje?" dada akauliza.

"Inasubiri mtumaji."

"Mbona na yangu inasubiri mtumaji? Si ulisema nibonyeze Pokea?"

"Nilisema napokea mimi, dada!"

Dada akacheka mpaka ushungi ukamteleza. "Kumbe zote mbili zinangoja shikamoo."

Akabonyeza Tuma. Sauti ikavuka huku basi linapiga honi.

Nami nikabaki kujiuliza ni nyumba ngapi ziko kimya hivyo hivyo, kila mtu kajiweka tayari kuitikia.

Basi lilipoondoka, yule bwana aliweka simu sikioni. Nilikuwa karibu, nikamsikia mama akianza: "Marahaba, mwanangu."

Akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama," akasema.