Rufaa ya Bunduki ya Nguruwe

Barua ilisema leseni yangu ya bunduki imefutwa "kwa maslahi ya umma". Niliisoma mara tatu, nimesimama barazani kwetu Usagara, chai ikipoa. Bunduki yenyewe niliirithi kwa marehemu baba, aliyekuwa akifukuzia nguruwe pori shambani Mkwaja. Mimi ni mstaafu wa bandari, sijamdhuru mtu.

"Umma gani huo?" nikamuuliza mke wangu. "Mtaa mzima huu unaniamkia!"

"Kata rufaa basi," akasema, akiendelea kuchagua mchele.

Nikaandika kurasa nne. Yeye, aliyefundisha Kiswahili tangu ujana wake hadi kustaafu, akanisahihishia zote. Nikajiona nimepata wakili wa bure.

Siku ya kusikilizwa tukapanda bajaji pamoja hadi polisi, ambako bunduki nilikwisha kuisalimisha. Afande tuliyemkuta alikuwa kijana mpole. Akatupa shikamoo, akafungua faili.

"Mzee, mara ya mwisho uliipiga lini?"

"Mwaka jana. Nilimwona nyoka uani."

"Ukampata?"

"Nikapata tangi la maji la jirani."

"Na lile shamba la Mkwaja?"

"Tulishaliuza."

"Risasi unaziweka wapi?"

"Pazuri tu," nikasema. Akanisaidia kwa kusoma malalamiko yaliyokuwamo kwenye faili: "'Huziweka katika kopo la biskuti, juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo wajukuu hupanda kutafuta biskuti.'"

Sentensi ilinyooka, kila mkato mahali pake. Nikageuka. Mke wangu alikuwa akitazama feni.

"Ni wewe?"

"Si uliuliza umma gani?" akasema. "Kopo lile nimelisemea mpaka nimechoka. Nikaona mimi hunisikii, labda serikali utaisikia."

Afande akainamia faili, mabega yakimtikisika.

Nilikasirika, sitadanganya. Lakini nikamkumbuka mjukuu wetu wa miaka minne, anavyoparamia makabati kama ngedere, na hasira ikakosa pa kukaa.

"Rufaa naiondoa," nikasema.

Tukatoka. Bunduki ikabaki kwao, nami nikamtangazia mke wangu kwamba sitasema naye siku tatu nzima. Akaitikia, "Haya."

Bajaji haijamaliza barabara ya Raskazone, nikawa namuuliza leo tunakula nini.