Ulimi wa Mama Onja

Kiwandani wanamwita Mama Onja, na jina limemganda mpaka nyumbani. Kazi yake ni kuonja sharubati kabla haijatiwa kwenye chupa. Mashine za kupimia zipo, tena za bei mbaya, lakini bosi haziamini hata kidogo mpaka Mama Onja apige funda, afumbe macho na kuinamisha kichwa. Akisema "bado", sukari inaongezwa.

Shida ni kwamba ulimi haubaki kazini mwenyewe anapotoka. Mama Onja alirudi nao, akaingia nao jikoni. Maharage akayatia sukari, mboga za majani akazitia sukari, hata wali, Mungu amsamehe, ukapata kijiko chake. Na watu walivyosifu! Mumewe, fundi viatu, aliwatambia wenzake kwamba mkewe ana mkono. Watoto walikula wakalamba sahani.

Sasa fundi ana kidonda mguuni na hakitaki kupona. Daktari hakumung'unya maneno. "Sukari iondoke kwenye chakula chako, mzee. La sivyo, safari ijayo tutazungumzia mguu wenyewe."

Mama Onja alilia mpaka macho yakavimba, kisha akachukua kopo la sukari akampelekea jirani amtunzie. Jioni hiyo akapika maharage matupu. Fundi akala matonge mawili, akasukuma sahani.

"Mke wangu, mbona umenipikia kama mtu wa wodini?"

Kesho yake vilevile, na keshokutwa yake. Vidonge alivyopewa na daktari navyo havitaki tumbo tupu. Juzi vilimkuta hajala kitu, akaanguka kibandani juu ya viatu vya watu, akaletwa nyumbani amebebwa.

Mama Onja akaishiwa ujanja. Akionja maharage yake, anaona kama anatafuna karatasi. Hajui kama yanahitaji chumvi, nyanya au kitunguu. Ulimi wake unajua neno moja tu. Leo akaona heri atafute ulimi mwingine, ulimi mzima. Akamwita binti yake aliyekuwa anafagia uani.

"Mwanangu, njoo unionjee. Niambie kimepungua nini, baba yako apate kula."

Binti akanawa, akapokea mwiko, akapiga funda. Akafumba macho. Akainamisha kichwa.

"Bado, mama."

"Bado nini? Chumvi?"

"Chumvi ipo. Maharage hayajakolea tu. Tia sukari kidogo, kama siku zote."

Huko chumbani fundi alikuwa anaita, vidonge viko kiganjani, anauliza chakula kiko wapi. Mama Onja akaepua sufuria, akajifuta mikono kwenye kanga, akatoka kwenda kwa jirani kuomba kopo lake.