Wachezaji Wanne

Nilipewa timu kwa sababu ya urefu wangu. Nilikuwa nimefundisha mwezi mmoja tu katika chuo kidogo cha ualimu huku Migori, mwalimu mgeni wa jiografia, mkuu wa chuo wa wakati huo aliponiona nikipita nje ya dirisha lake. Akaniita ndani, akaniuliza kama niliwahi kucheza mpira wa kikapu. Nikamwambia nimezaliwa Sindo, na mpira niliowahi kucheza ni ule wa matambara, na kaka zangu.

"Hiyo si shida," akasema. "Wewe simama tu pale uwanjani. Watu wakikuona watajua tuna kocha."

Akanipa filimbi na kijitabu cha sheria kisicho na jalada. Nilidhani ni kazi ya muhula mmoja. Nimeifanya miaka ishirini na sita.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa changarawe. Wasichana walianguka wakachubuka viwiko na magoti, na mimi nilikuwa na chupa ya spiriti na pamba ndani ya mkoba badala ya maarifa. Kijitabu nilikisoma mpaka nikakijua kwa moyo. Nilijifunza kurusha mpira asubuhi kabla ya gwaride, peke yangu, ili wanafunzi wasinione nikikosa. Mwaka wa tatu uwanja ulimwagiwa saruji. Mwaka wa tano tuliacha kuwa timu ya kuchekwa.

Lakini chuo cha ualimu si mahali pa kujenga timu. Msichana anafika hajui hata kudunda mpira. Unamfundisha, anaanza kuinua kichwa na kuona wenzake wako wapi, mkono unazoea, halafu kozi inaisha anakwenda kufundisha darasa la nne huko Suba au Kuria, kwenye shule isiyo na ringi wala mpira. Kila mara nilianza upya na wengine. Wanangu wawili walikua wakijua kwamba Jumamosi mama hayuko.

Timu yangu bora kuliko zote iliongozwa na msichana wa Kikuria kutoka karibu na mpaka wa Tanzania. Alikuwa mfupi, mkimya, na sijawahi kumwona mtu mwingine akikimbia na mpira namna ile, kana kwamba umefungwa kamba kwenye kiganja chake. Mwaka huo tulifika fainali ya vyuo vya eneo letu, Homa Bay. Robo ya nne, tukiwa nyuma kwa pointi tatu, aliruka, akatua vibaya, akakaa chini akishika goti la kushoto.

Nilikimbia nikapiga magoti mbele yake.

"Unasikiaje?"

"Linauma, Madam. Kuna kitu kimelia ndani."

"Zimebaki dakika nne. Nne tu. Unaweza?"

Aliniangalia. Alikuwa na miaka ishirini, na mimi ndiye niliyemfundisha kila kitu alichojua kuhusu mchezo ule. Angejibu nini?

"Naweza, Madam."

Nililifunga goti kwa bendeji, nikakaza sana. Akarudi akichechemea, na akafunga vikapu vitatu. Tukashinda kwa pointi mbili. Wenzake walipombeba juu alipiga ukelele ambao wote tuliudhania ni wa furaha. Walipomshusha hakuweza kusimama.

Daktari alisema kamba ya ndani ya goti imekatika, na kwamba ingekuwa nafuu zaidi kama angeacha kucheza pale pale alipoumia. Alizungumzia operesheni inayofanyika Nairobi. Haikufanyika. Msichana alimaliza masomo yake akitembea kwa fimbo. Kombe liliwekwa kwenye kabati ofisini, na kila mgeni alipokuja, mkuu wa chuo aliniita nisimame kando yake.

Nilikutana na yule msichana miaka mingi baadaye, katika mji mdogo wa Rodi Kopany, siku ya soko. Alikuwa mwanamke mzima sasa, mwalimu wa shule ya msingi ya hapo karibu, amebeba sukuma wiki kwenye mfuko wa sandarusi. Nilimjua kwa mwendo wake kabla sijamwona uso. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana habari za watoto. Kisha nikamwambia kitu nilichokuwa nimekibeba muda wote huo, kwamba ilinipasa kumtoa uwanjani siku ile.

Alihamisha mfuko kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Ungenitoa ningelia, Madam," akasema. "Ningekuchukia wiki moja. Basi, ingeisha."

Aliniaga kwa heshima, akaenda zake.

Wengi wangeacha ukocha hapo. Mimi nilizidisha. Nilijiambia kwamba nikipata msichana mwingine kama yule, nikimlinda vizuri, nikimtoa kwa wakati, kitu fulani kitalingana. Sikupata mwingine. Halafu kozi ya cheti ikafutwa ikaja ya diploma, alama za kujiunga zikapandishwa, na wanafunzi wakapungua. Bweni moja lilifungwa, kisha la pili. Mazoezini walikuja kumi na wawili, mwaka uliofuata wanane, kisha watano. Nilifundisha watano hao kama vile ni timu kamili. Sikuwa na mchezaji wa akiba hata mmoja, kwa hiyo niliomba Mungu asiumie mtu.

Mashindano ya mwaka jana yalikuwa tena Homa Bay. Asubuhi ya siku hiyo, dereva akiwa ameshawasha gari la chuo, mmoja wao alinipigia simu kutoka kwao Sori.

"Madam, sitakuja. Mama amelazwa."

"Pole, nyathina," nikamwambia. Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo. Wote niliwaita hivyo. "Kaa na mama."

Ningeweza kuwaambia wanne waliobaki wateremke. Nilisema twende.

Refa tulikuwa tunajuana tangu yeye bado ana nywele. Alitazama nyuma yangu kama vile wengine wako njiani.

"Madam, wako wapi wenzao?"

"Ndio hawa."

Alitazama saa yake. "Unajua sheria. Bila watano siwezi kuanzisha. Nitakungoja dakika kumi na tano."

Nilikwenda kwa kocha wa upande wa pili, kijana mpole sana, nikamwomba aniazime mchezaji mmoja tucheze hata kirafiki. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema samahani, Mama, wasichana wake wana mechi nyingine mchana na hataki wachoke. Nikarudi kwa refa.

"Na mimi je?"

Akacheka. Kisha akaona nimeshavua viatu, nimesimama na soksi juu ya saruji, sketi yangu ndefu nimeikunja pindo moja kiunoni. Kicheko kikamwisha.

"Vaa viatu, Madam," akaniambia taratibu. "Tafadhali. Watu wanaangalia."

Nikavaa. Wasichana wanne walikaa kwenye benchi na jezi zao. Dakika zilipokwisha refa alipuliza filimbi katikati ya uwanja mtupu, akaandika tumefungwa ishirini kwa sifuri, kama sheria inavyotaka. Hakuna aliyekuwa amegusa mpira.

Niliwapeleka kula samaki kwenye hoteli moja karibu na ziwa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuwafariji. Lakini wao walikuwa wanacheka, wanapigana picha za simu, na mmoja alikuwa ameagiza ugali wa pili. Nikaeleza kwamba nimesikitika kwa niaba yao, kwamba walifanya mazoezi kwa bidii na hawakustahili hivi.

Wakaangaliana. Aliyejibu ni yule mkubwa wao.

"Madam, usiumie. Hata sisi tulikuwa tunaogopa. Wale wangetuchapa vibaya sana."

"Lakini mnapenda kucheza."

Wakaangaliana tena, mara hii kwa muda mrefu zaidi. Mwenzake mmoja alimkanyaga yule mkubwa mguu chini ya meza, nikaona.

"Si sana, Madam," yule mkubwa akasema. "Tulikuwa tunakuja kwa sababu yako. Tulikuwa tunakuona jioni umesimama pale uwanjani peke yako na mipira. Tukasema twende tu."

Alilisema kwa upole, akidhani ananipa kitu kizuri. Nilimshukuru. Nikamaliza samaki wangu mpaka mifupa, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu.

Yule wa Sori hakurudi chuoni. Muhula mpya ulipoanza, mkuu wa chuo wa sasa, mwanamke ambaye ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, aliniita akaniambia mpira wa kikapu hautakuwa kwenye ratiba ya michezo.

"Umefanya kazi kubwa, Madam. Sasa pumzika. Umebakiza miezi tu ustaafu."

Nilimwomba jambo moja: niweke karatasi kwenye ubao wa matangazo kwa wiki mbili, wanaotaka kucheza waandike majina. Wakifika watano, tuzungumze tena. Alikubali, nadhani kwa kuwa alijua hawatafika.

Nilikuwa napita pale kila siku nikienda darasani. Wiki ya kwanza karatasi ilikuwa tupu. Jumanne ya wiki ya pili nikakuta jina moja, limeandikwa vizuri kwa kalamu ya bluu. Nilifurahi kama mjinga. Nilimtafuta mwenye jina hilo wakati wa chakula cha mchana, nikamkuta amepanga foleni na sahani yake, msichana mwembamba wa mwaka wa kwanza.

"Umewahi kucheza?" nikamuuliza.

"Kucheza nini, Madam?"

Alikuwa amedhani ni karatasi ya kwaya. Karatasi hizo mbili zilikuwa zimebandikwa jirani. Aliona haya, akaniomba msamaha mara mbili, na mimi nikamwambia haina neno, mwalimu wa kwaya yuko chumba cha mwisho upande wa kushoto, awahi kabla hajatoka.

Kisha kengele ikalia, nikaenda kufundisha.