Nyoka wa Kwenye Dalia

Kila asubuhi, kabla hajagusa ua hata moja, shangazi Agnella alisimama penye uwazi wa kuingilia shambani, akapiga mpini wa jembe chini mara tatu, akasema kwa sauti, "Hodi humu ndani." Kisha akasubiri. Alisubiri muda wa mtu kusali Baba Yetu moja bila haraka, ndipo akaingia.

Wageni walipenda sana jambo hilo. Walidhani anayabishia hodi maua. Dada mmoja wa kutoka Ifakara alimrekodi kwa simu huku akicheka, "Jamani, huyu mama anaongea na waridi!" Shangazi naye akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilishajua hodi ile anapigiwa nani.

Sisi tunakaa ng'ambo ya mfereji. Maji tunachota kwenye bomba lake asubuhi na jioni, ndiyo maana mambo ya pale niliyaona. Si ndugu yetu wa damu, tulimwita shangazi kwa heshima tu. Kwao ni Masagati, mbele ya Mlimba. Alikuja huku akiwa msichana, akapalilia miwa ya watu miaka kumi na moja mpaka mgongo ukakataa. Ndipo akakodi kipande kile kando ya barabara hapa Sanje, na badala ya kupanda mpunga kama kila mtu, akapanda maua. Baba yangu, mzee Tadei, alimwuliza, "Agnella, hayo utayaunga kwa kitu gani uyale?"

"Kwa karanga, kaka," akajibu. Hata hakuinua kichwa.

Utaratibu wake ulikuwa wa peke yake. Yeye hakukukatia. Ukifika, unampa shikamoo au anakupa karibu, kutegemea umri wako, halafu unapewa mkasi na ndoo yenye maji kidogo chini. Unaingia mwenyewe. Anakuonyesha mara moja tu: kata shina refu, kata kwa mshazari, lichovye majini hapo hapo, usilibebe mkononi kama mchicha. Njoo mapema, jua likishachoma ua limechoka. Nilimsikia akimweleza mama mmoja wa kanisani kwa nini hawakatii watu. "Nikikukatia mimi, likinyauka ni langu. Ukikata mwenyewe, utalitunza mpaka mwisho." Na kweli walitunza. Walikuja wa harusi, wa komunyo ya kwanza, wa misiba, na wale wazungu wanaopanda kwenye maporomoko, wao hukata mawili na kupiga picha mia.

Ilimchukua miaka miwili watu kumjua. Mpaka leo kondakta wa basi akifika pale anasema, "Kwa mama maua, shuka."

Kosa lilitoka kwetu. Silifichi. Mwaka huu tulipomaliza kupiga mpunga, shangazi alimwomba baba mabua ayatandaze kwenye matuta ili ardhi isikauke kiangazi. Huku kila mtu anatandaza mabua kwenye mboga. Baba akampa rundo zima, na nilimsaidia kaka yangu kuyavusha mfereji. Lakini mpunga ule tuliupiga haraka haraka, mvua ilikuwa inatishia, na mabuani zilibaki punje nyingi. Hakuna aliyewaza. Matuta ya waridi, ya zinia, na lile tuta kubwa la dalia, yote yakalala chini ya mabua mazuri ya dhahabu, yaliyojaa chakula.

Wiki ya kwanza wakaja panya. Shangazi akasema panya si kitu, panya hawali maua. Wiki ya tatu panya wakapungua. Akafurahi. Mimi nilikuwa bombani siku alipoinama kwenye dalia kupalilia, akanyanyuka na kitu kirefu mkononi, chepesi, kinapeperuka kama mfuko wa nailoni. Ilikuwa ngozi ya nyoka. Alipoishika kwa juu mkono ukiwa umenyooka, ncha ya chini iligusa ardhi.

Aliikunja haraka akaitia kwenye kitenge. Kisha akaniona.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, shangazi."

"Haya. Endelea hivyo hivyo."

Ndoo ilikuwa imejaa, maji yanamwagika, na nilishindwa kulifunga bomba. 

Kuanzia siku hiyo ndiyo akaanza kupiga mpini chini na kusema hodi. Na mimi nikaanza kuangalia miguu ya wageni. Sikuwahi kujua watu wanaenda shambani wamevaa hivyo. Ndala. Viatu vya wazi vyenye kisigino. Mtoto peku kabisa. Wanainama, wanaingiza mkono kwenye majani mpaka kiwiko kutafuta shina refu kama walivyofundishwa, wanacheka, wanaitana. Kila mkono ulipoingia nilibana pumzi, na ulipotoka na ua nikaiachia. Shangazi naye alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa anacheka na watu, lakini macho yake yalikuwa chini.

Siku ya nne alimwona mwenyewe. Hakunisimulia, nilijua kwa alivyotoka shambani kinyumenyume, bila kupepesa macho. Jioni yake akaja Shilinde, Msukuma mmoja anayechunga ng'ombe upande wa bondeni, mtu anayejua habari za nyoka. Alizunguka tuta la dalia na fimbo, akachuchumaa, akafunua mabua kidogo. Kulikuwa na shimo la kuingia ngumi.

"Swila," akasema. "Yule anayetema mate machoni. Mama, huyu si mpita njia. Huyu amehamia."

"Mtoe basi, baba."

"Namtoaje, nimwitie balozi wa nyumba kumi? Leo yumo, kesho yuko kwenye waridi. Toa mabua yote, choma. Panya watahama na yeye atawafuata. Na usiingize mtu humu wiki sita."

"Jumamosi ijayo nina watu wa harusi. Nimeshawaambia waje."

"Basi waambie wasije."

"Nikiwaambia wasije wataniuliza kwa nini. Nikisema nyoka, Shilinde, basi la asubuhi litalibeba hilo neno mpaka Ifakara kabla ya saa nne. Nani atakuja tena? Niende wapi, nikapalilie miwa? Kwa mgongo upi?"

Shilinde alijipangusa mikono kwenye shuka. "Mgongo wako naujua, mama. Lakini jicho la mtu likitiwa sumu, naye atakuuliza kwa nini."

Shangazi akasema atachoma mabua Jumatatu, harusi ikishapita. Alipoondoka Shilinde, akafunga kamba ya katani kuzunguka tuta lote la dalia, kwenye vijiti vinne. Mimi ningeweza kumwambia baba. Niliwaza kumwambia kila siku. Kila nilipofungua mdomo nilimwona shangazi ameinama kwenye miwa ya watu, nikaufunga.

Jumamosi walikuja asubuhi, wanawake saba na mtoto mmoja. Mkubwa wao aliitwa Domitila, shangazi wa bibi harusi, mnene, mwenye sauti ya kufika mlimani. Mtoto aliitwa Devota. Alikuwa na miaka kama mitano, ndiye angetangulia mbele ya bibi harusi akimwaga maua, na tayari walishamsuka. Alikuwa anatembea kwa madaha kama tayari yuko kanisani.

Shangazi alipiga mpini chini. Siku hiyo alipiga mara nyingi, nadhani hata kumi.

"Mama, maua yako yana usingizi?" Domitila akauliza. Wakaangua kicheko.

Wakagawana ndoo na mikasi, wakaingia. Domitila alifika kwenye kamba akasimama. Dalia zilikuwa nyekundu, kubwa kama visahani.

"Na hizi?"

"Hizo hazijakomaa, dada."

"Hazijakomaa! Zinatuchekea hivi halafu hazijakomaa? Au umemwekea mwenye harusi kubwa kuliko ya kwetu?"

"Chukueni waridi. Waridi ni nzuri leo."

"Sawa, tutachukua waridi kama maskini." Wakacheka tena. Shangazi akacheka. Niliona jasho kwenye mdomo wake wa juu, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi.

Jua lilitokea upande wa bondeni likapiga mabua. Nilikuwa nimeshajaza ndoo zote mbili na sikuondoka. Nilikuwa nawahesabu. Saba na mtoto. Saba na mtoto. Saba.

Devota alikuwa ameshapita chini ya kamba. Hakuhitaji hata kuinama. Alisimama katikati ya dalia, ameshika moja kwa mikono miwili, anaivuta. Hatua mbili mbele yake mabua yalisogea, na kitu cha rangi ya udongo kikanyanyuka taratibu, shingo ikapanuka, chini ya koo kuna mistari myeusi. Hakikufanya haraka. Mtoto alikitazama tu, kama anayetazama mtu mzima asiyemjua.

Sikupiga kelele. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini.

Shangazi hakukimbia. Alivuka kamba akitembea polepole, huku anasema kwa sauti ya chini, "Fumba macho, Devota, fumba tucheze, nani atafumba zaidi." Mtoto akafumba. Shangazi akamfikia, akampa nyoka mgongo, akamkunja mtoto kifuani na kuficha uso wake kwenye zile nywele zilizosukwa. Nilisikia mlio mdogo, kama mtu anayetema mbegu. Khanga yake ikalowa begani, na shingo, na sikio. Akatoka hivyo hivyo, hatua kwa hatua. Nyoka akashuka, akarudi chini ya mabua.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mikasi ikatupwa. Domitila akamnyakua mtoto, akamkagua macho, vidole, miguu. Hana kitu. Mwanamke mwingine akamwaga waridi zote chini, akachukua yale maji ya ndoo akamsafisha shangazi shingo na sikio, wakamletea na ndoo zangu. Machoni sumu haikuingia hata tone.

Domitila alikuwa analia. Alimshika shangazi mikono yote miwili, akapiga goti pale pale kwenye njia, mwili wote ule. "Mama, Mungu akubariki. Umetuokolea mtoto. Leo kanisani nitasimama nikutangaze. Ifakara nzima itakujua. Kila harusi yetu itakuja hapa, sikia, kila harusi."

Wengine wakaitikia. Mmoja akapiga vigelegele.

Shangazi alimwangalia. Nadhani angenyamaza tu, yote yangekwisha vizuri. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwombea anyamaze.

"Inuka, dada," akasema. "Nilijua yumo."

"Ulijua nini?"

"Nyoka. Leo ni siku ya kumi na moja. Niliambiwa nisiingize mtu, nikawaingiza."

Vigelegele vilikatika. Domitila aliinuka taratibu, akajipangusa magoti. Hakumtukana. Alimpandisha Devota begani, akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikudhani anayo, "Na angekuwa wako?"

 Shangazi alivua khanga iliyolowa akaiweka juu ya bomba, akaokota ndala zake penye kamba zilikomvuka, akapita katikati yao wakimpisha. Alipofika barabarani hakungoja basi. Alishika njia ya Ifakara, ile ya kwenda kwao, kwa miguu, pembeni, magari yakimpita. Nilimtazama mpaka kwenye kona ya mgomba wa mwisho, na mpaka leo hajarudi.