Herufi Iliyogeuka Alama ya Kuuliza

Mwanamke aliyeingia dukani asubuhi ile alikuwa amebeba kompyuta ya mkononi iliyoviringishwa kwenye kitenge na kukazwa kwa mafundo mawili. Aliiweka kwenye kaunta, akafungua mafundo bila haraka, akaniambia, "Hii kompyuta inakula herufi yangu."

Nafanya kazi Tororo, katika duka la kuchapa na kutengeneza kompyuta. Kwetu ni Busia, upande wa Kenya, na huvuka mpaka kurudi nyumbani kila Jumamosi. Katika kazi hii nimeshasikia watu wakieleza magonjwa ya kompyuta kwa njia nyingi: imechoka, imerogwa, inapumua vibaya. Ya kula herufi ilikuwa mpya kwangu. Nikamwuliza ni herufi gani.

Alichukua kalamu yangu, akachora n yenye mkia: ŋ.

"Hii. Bila hii huwezi kuandika Dhopadhola, lugha yetu."

Alikuwa mkunga mstaafu kutoka Kiyeyi. Watu walimwita Sista, kama wauguzi wengi wanavyoitwa huku, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa amezalisha akina mama wa Paya, Merikit na kwao Kiyeyi mpaka nywele zikawa nyeupe. Sasa alikuwa anaandika kitabu kidogo cha maneno ya maumivu na ya mwili, Dhopadhola upande mmoja, Kiingereza na Kiswahili upande wa pili. Aliniambia kwa nini. Wauguzi vijana hutumwa kutoka mbali, hawajui lugha ya hapa. Mama anaeleza uchungu wake kwa neno moja lenye maana kamili, muuguzi anaandika tu "tumbo". Sista alikuwa ameyaona matokeo ya jambo hilo, na hakutaka kuyasimulia.

Akawasha kompyuta, akafungua faili. Palipopaswa kusomeka ŋeyo, yaani kujua, palisomeka ?eyo. Ukurasa baada ya ukurasa, kila ŋ ilikuwa imegeuka alama ya kuuliza.

"Naandika, inakuja vizuri," alisema. "Nafunga. Kesho nafungua, imekwisha. Mimi nimerudia kuandika yote mara mbili. Nikafikiri ni mikono yangu. Mikono imezeeka, inabonyeza vibaya."

"Si mikono yako, Sista," nilimwambia. Hilo nililijua papo hapo. Programu ndogo ya kuandikia iliyokuwa kwenye mashine ile ilihifadhi maandishi kwa utaratibu wa zamani unaotambua herufi za Kiingereza na nyingine chache. Isiyoitambua, iliweka alama ya kuuliza na kuendelea bila kusema neno. Programu kubwa za ofisini zingeiandika ŋ bila shida, lakini mashine ilikuwa kongwe. Ukifungua mojawapo unaweza kuteka maji, kuchemsha chai na kuinywa kabla haijakaa sawa.

Basi nikamwambia, "Niachie mashine. Nitakujengea programu yako mwenyewe. Jumatatu ijayo uje uichukue."

Alipotoka, mwenzangu wa dukani, dada anayeshughulika na picha na vitambulisho, alinitazama juu ya miwani yake.

"Umewahi kujenga programu ya kuandikia?"

"Bado."

"Sasa Jumatatu umeitoa wapi?"

"Kufikia Jumatatu itakuwa tayari," nilisema, na niliamini hivyo kabisa.

Sikukusudia kuanza na kiwanja kitupu. Kuna programu nyingi za bure ambazo msimbo wake, yaani maandishi ambayo programu hujengwa kwayo, uko wazi kwa yeyote. Nilichagua moja nyepesi. Mpango wangu ulikuwa kuongeza vitu vitatu: herufi kubwa kwa ajili ya macho ya Sista, kitufe kimoja cha kuleta ŋ, na kuhifadhi maandishi kwa utaratibu unaokubali herufi za lugha zote. Ilinibidi kuijenga kwenye mashine ile ile, kwa kuwa ilikuwa ya aina ya zamani, na kitu nilichojenga kwenye mashine yangu hakingekubali kwake.

Jumanne niliiunganisha na mtandao, nikashusha msimbo, nikaamuru ujengwe. Skrini ikajaa mistari myekundu kutoka juu hadi chini. Nikausoma mstari wa mwisho, nikautafutia dawa. Dawa haikufanya kitu. Nikauchukua wa kabla yake. Nusu siku ikapita hivyo, nikifukuza makosa kutoka nyuma kwenda mbele. Adhuhuri Sista akapiga simu kutaka kujua mgonjwa anaendeleaje.

"Kompyuta inasema nini?" aliuliza.

"Inasema mambo mengi, Sista."

"Ya kwanza inasema nini?"

Nikaitazama skrini. Sikuwa nimeyatazama ya kwanza.

"Mama akija wodi analia, ule kilio iko na vitu vingi," alisema. "Mimi namwuliza, ilianza wapi?"

Nilirudi juu kabisa, kwenye mstari wa kwanza mwekundu. Ulisema jambo moja dogo: kuna faili la kuchora madirisha ambalo programu inalitegemea na halimo kwenye mashine hii. Nikaliweka. Nikaamuru tena. Mistari yote mingine ikatoweka kwa mpigo, kwa sababu yote ilikuwa imezaliwa na ule mmoja. Baadaye mashine iliganda katikati ya kazi. Kumbe nilikuwa nimeiamuru ifanye kazi nne kwa pamoja na kumbukumbu yake haikutosha. Nikaiambia ifanye moja moja. Ikachukua muda mrefu, lakini jioni programu ilifunguka. Dirisha jeupe, kishale kinachopepesa. Nilimwita mwenzangu aje aone. Alikuja, akaandika jina lake, akarudi kwenye picha zake akitabasamu.

Jumatano ndipo kazi ilipoanza kunidhihaki. Niliongeza kitufe cha ŋ, nikajenga, nikafungua. Kitufe hakikufanya kitu. Nikapitia nilichoandika, nikakibadilisha, nikajenga tena. Hakuna. Nikakuza herufi. Zikabaki vile vile. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimeandika sehemu ile kwa namna tano tofauti, na programu ilinitazama kama ilivyonitazama siku ya kwanza.

Ijumaa hiyo alasiri niliacha ujanja nikafanya jambo la kitoto. Jina la dirisha lilikuwa limeandikwa juu kabisa. Ndani ya msimbo nililifuta, nikaweka neno "MIHOGO". Nikajenga, nikafungua. Hakukuwa na mihogo. Ndipo nilipojua kwamba kwa siku tatu sikuwa nikijenga chochote. Kila mara nilikuwa nafungua programu ile ile ya Jumanne.

Nikatazama saa kwenye kona ya skrini. Kompyuta iliamini kwamba tuko miaka mingi nyuma. Jumanne nilipoiunganisha na mtandao ilikuwa imejirekebisha tarehe. Lakini betri yake kubwa ilikuwa imekufa, na ile ndogo inayotunza saa pia ilikuwa imekwisha, kwa hiyo kila nilipochomoa waya jioni ilisahau tarehe, na siku zilizofuata sikuiunganisha na mtandao. Sasa, mjenzi wa programu aliye ndani ya kompyuta hutazama tarehe za mafaili. Akiona msimbo una tarehe ya zamani kuliko programu iliyokwisha kujengwa, anasema hakuna kilichobadilika, anapumzika. Mabadiliko yangu yote yalikuwa na tarehe ya zamani. Mashine ilikuwa imetii kanuni zake barabara.

Niliitengeneza saa kwa mkono, nikafuta kila kilichojengwa, nikaanza upya. Juu ya dirisha ikaandikwa MIHOGO. Nilibonyeza kitufe changu, ŋ ikatokea, kubwa na nyeusi.

Kesho yake nikiwa nyumbani Busia nilikwenda kwa fundi wa saa anayekaa karibu na njia ya kuvukia mpaka. Nilimwonyesha ile betri ndogo ya duara.

"Ya saa ama ya rimoti?" aliuliza.

"Ya kompyuta."

"Kompyuta pia iko na saa ndani?"

"Iko. Na ikipotea, kazi inasimama."

Alitafuta kwenye kopo, akapima betri kwa kifaa chake, akanipa. "Basi na wewe ni fundi wa saa," alisema, akarudi kwenye kioo chake cha kukuzia.

Sista alipokuja Jumatatu nilimwomba wiki moja zaidi ili niweke betri na kuijaribu vizuri, na mwenzangu alikuwa muungwana, hakunikumbusha maneno yangu. Jumatatu iliyofuata nilimkabidhi mashine. Nilikuwa nimeijaribu mara nyingi: andika, hifadhi, funga, fungua. ŋ ilikuwepo kila mara. Nikamwekea picha ndogo kwenye skrini ili aigonge mara mbili na programu ifunguke. Akaviringisha kompyuta kwenye kitenge chake akaenda.

Jumatano akapiga simu. "Imekula tena."

"Haiwezekani, Sista."

"Njoo uone."

Sitasema uongo, niliumia. Nilikuwa nimeanza kuwasimulia watu habari za programu yangu. Lakini zaidi ya kuumia, nilikuwa na hakika kwamba kuna hatua aliyokosea, na kwamba nitamwonyesha. Alhamisi nikachukua boda mpaka Kiyeyi.

Alikuwa ameandaa meza karibu na dirisha, daftari zake zimepangwa, waya wa sola umeshuka kutoka paani. Nilikaa, nikafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika jina la programu, ikafunguka. Nikaandika ŋeyo. Nikahifadhi, nikafunga, nikafungua. ŋeyo.

"Unaona, Sista? Inafanya kazi."

"Wewe ndiyo umefanya," alisema. "Sasa simama. Mimi nifanye."

Nikasimama nyuma ya kiti chake. Hakugusa dirisha jeusi. Aligonga ile picha ndogo niliyomwekea mwenyewe. Akaandika ŋeyo polepole, kwa vidole viwili, bila kosa hata moja. Akahifadhi, akafunga, akafungua.

?eyo.

Hakugeuka kunitazama. Alingoja tu, na nilimshukuru kwa hilo. Alikuwa hajakosea hatua yoyote. Mimi ndiye niliyekuwa nimejaribu mlango mmoja na kumpa yeye mlango mwingine. Siku ya kwanza kabisa, katika dirisha jeusi, nilikuwa nimeweka agizo la kutumia herufi za lugha zote, kisha nikalisahau. Programu ikifunguliwa kutoka pale, inalikuta agizo. Ikifunguliwa kwa picha, hailikuti, inarudi kwenye utaratibu wa zamani. Huko dukani sikuwa nimeigonga ile picha hata mara moja.

"Nimeona kosa," nilimwambia. "Ni langu."

"Linatibika?"

"Linatibika leo."

Sikutaka tena programu isubiri kuagizwa. Niliingia ndani ya msimbo, nikaandika kwamba daima ihifadhi kwa herufi za lugha zote, ifunguliwe kutoka popote na mtu yeyote. Sista alikaa upande wa pili wa meza akimenya karanga. Mara ya kwanza ulikuja mstari mmoja mwekundu. Nilikuwa nimesahau alama ya kufungia sentensi. Nikausoma, nikaiweka, nikajenga tena. Kisha nikasimama, nikamwachia kiti.

Aligonga picha. Akaandika, akahifadhi, akafunga, akafungua. ŋeyo. Akazima kompyuta kabisa, akaiwasha, akafungua tena. ŋeyo. Akaitazama mikono yake, yenye maganda ya karanga, kwanza ya kulia halafu ya kushoto.

"Kumbe ilikuwa mizima," alisema.

Ilibaki kazi ya miezi mitatu iliyojaa alama za kuuliza. Alikuwa tayari kuirudia mara ya tatu. Nikamwambia angoje. Niliuliza kama katika kitabu chake kuna maswali ya kweli. Yalikuwepo: unaumwa wapi? tangu lini? Lakini alama ya swali la kweli hukaa mwisho wa neno, na baada yake huja nafasi. Alama yenye herufi mara baada yake ilikuwa lazima ŋ iliyoliwa. Nikaandika amri moja fupi ya kuzitafuta zote na kuzirudisha. Kurasa zikajaa ŋ tena mbele ya macho yake. Zilibaki chache zilizosimama mwisho wa maneno, ambazo mashine haikuweza kuzipambanua, na hizo Sista alizipitia mwenyewe, akiwa na daftari mkononi, kwa siku mbili.

Kitabu tulikichapa dukani kabla ya mwisho wa mwaka, mwenzangu akakibana na kukiwekea jalada gumu la kijani. Katekista mmoja alikiona kwenye kaunta, akaomba programu ile kwa ajili ya Lusamia, lugha yake, na sasa imo kwenye kompyuta kadhaa ambazo sijaziona. Kabla ya kumpa yeyote, naigonga picha mwenyewe kwanza, kisha namketisha mwenye mashine, nasimama nyuma ya kiti.

Sista alipeleka nakala za kwanza za kitabu kwa wauguzi mwenyewe. Aliporudi alinisimulia habari za msichana mmoja, muuguzi mpya kutoka magharibi ya Uganda, aliyekifungua mbele ya akina mama waliokuwa kwenye foleni akaanza kuwasomea maneno kwa sauti. Aliyatamka vibaya sana. Akina mama wakacheka, kisha mmoja akasogea karibu, akamsahihisha, na mwingine akasogea, mpaka foleni yote ikawa imezunguka meza.